Wezi wa Saruji

Dobi alikuwa mwanamke wa maneno machache na kiburi kingi, na wala hakuficha. Alifua na kupiga pasi nguo za mtaa mzima, na ukimpelekea shati lenye kola iliyokufa kwa jasho alikuambia usoni kwamba sabuni nayo ina haki zake. Kuomba hakujui. Kukopa hakujui. Mumewe alipofariki, watu wenye midomo yao walikuja kumshauri arudi kwao, eti kilichomuunganisha na mama mkwe wake kimeshazikwa. Aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema yeye hakuolewa na mtu mmoja, aliolewa na ukoo, na ukoo wenyewe sasa umebaki bibi mmoja na mjukuu wake, kwa hiyo wampishe mlangoni, ana nguo za kuanua. Hawakurudi tena.

Mama mkwe huyo, ambaye wadogo kwa wakubwa walimwita Bi Mkubwa, alikuwa hana miguu ya kusimamia tangu siku gari la mizigo liliposhindwa kushika breki na kumfuata kwenye genge lake la mboga. Alikuwa na kiti cha magurudumu, mikono yenye nguvu, na ulimi wenye nguvu kushinda mikono. Chumba walichopanga kilikuwa nyuma ya maduka, na mlangoni palikuwa na ngazi nyembamba, zilizoliwa pembe na mvua. Kila alipotaka kutoka, kwenda zahanati au kuota jua tu kama binadamu, ilibidi waitwe vijana wa gereji ya jirani wambebe. Walimbeba kwa adabu, lazima niseme ukweli. Shikamoo bibi, marahaba wanangu, twende kazi. Lakini asubuhi moja kijana akamwambia mwenzake, bila ubaya wowote, "Shika mzigo upande huo."

Bi Mkubwa aliwaacha wamalize kazi. Jioni ndipo alipomwambia Dobi, "Mwanangu, kumbe mimi ni mzigo. Basi mzigo hukaa stoo." Na kweli akakaa. Akaacha kutoka, isipokuwa homa ikimzidi. Mtu aliyekuwa akipigania bei ya mchicha mpaka mnunuzi anacheka, sasa anashinda akitazama ukuta. Dobi alimtazama akififia na ikamuuma kuliko msiba wa mumewe, maana msiba una mwisho, watu wanakuja, wanalia, wanaondoka. Hili lilikuwa pale kila akiamka.

Ndiyo maana aliposikia kuna shirika linajenga nyumba za bei nafuu kwa watu wa kipato cha chini, alikwenda siku hiyo hiyo, na harufu ya pasi bado iko mikononi. Shirika lenyewe halikuwa la kutafuta faida. Lilipata kiwanja kwenye mteremko, pembeni ya machimbo ya kokoto yaliyoachwa, likakusanya familia kumi na mbili: ya Mlinzi, ya Kinyozi, ya Mshona Viatu, ya Mama Mitumba na wengine kama wao. Masharti yalikuwa mepesi kueleza na magumu kutimiza: utalipa kidogo kidogo kwa miaka mingi, na utajenga kwa mikono yako. Huna mikono ya kuleta kazini, huna ufunguo.

Tena palikuwa na utaratibu mmoja ambao uliwatoa jasho kuliko kubeba mawe. Hakuna aliyejua nyumba ipi itakuwa yake. Familia ziligawanywa timu, kila timu ikakabidhiwa nyumba za kujenga, na kila nyumba ikapata mtu wa kuisimamia, lakini funguo zingeokotwa kwenye ndoo siku ya mwisho, bila kutazama. Utaratibu huo aliusimamia msimamizi wa ujenzi, mzee mmoja mkavu ambaye walimpa jina la Timazi, kwa sababu ile kamba ya kupimia wima wa ukuta ilikuwa haimtoki mfukoni, na watu walidai analala nayo. "Ukijua nyumba ni yako, utaipiga lipu mara mbili," Timazi aliwaambia siku ya kwanza. "Ukijua ni ya jirani, utaipiga nusu halafu utasema ndiyo mtindo mpya. Nawajua. Mimi mwenyewe ni mtu."

Wakacheka, wakakubali. Dobi naye alikubali, mpaka misingi ilipoanza kuinuka.

Mteremko, ndugu zangu, haudanganyi. Nyumba ikijengwa mlimani, upande mmoja lazima uinuliwe, na mlango ukiinuka lazima uje na ngazi. Michoro ilionyesha ngazi nne kila mlango. Nyumba moja tu, ile ya juu kabisa kando ya barabara, ndiyo ilikuwa na mlango uliolingana na ardhi. Watu wanasema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Aliyesema hivyo alikuwa na miguu.

Dada wa Shirika, msichana mpole aliyekuwa akija na viatu safi na kuondoka navyo vichafu, alimvuta Dobi pembeni. "Dada, unaweza kuiomba kamati ya shirika. Ile ya juu ikitolewa kwenye ndoo ikawekwa kwa ajili yenu, sidhani kama kuna atakayekataa."

Dobi alilala na maneno hayo, akaamka nayo, akampelekea Bi Mkubwa pamoja na chai. Alijuta kabla hajamaliza sentensi.

"Ukaombe kwa jina la miguu yangu?" Bi Mkubwa aliweka kikombe chini. "Sikiliza, mke wa mwanangu. Mlinzi ana pumu, naye aombe nyumba isiyo na vumbi. Mama Mitumba ana watoto saba, naye aombe ile yenye uwanja. Mkimaliza kuomba, ndoo itabaki na nini? Ukienda kuomba, hiyo nyumba sitaikanyaga."

"Mama, hata ya ngazi hutaikanyaga."

"Basi nitabaki hapa. Wewe na mjukuu wangu mwende. Mtanitembelea." Akaongeza kwa sauti ya chini, "Kubebwa kuingia kwenye nyumba mpya mbele za watu, mbele ya majirani wapya, hapana. Hilo usiniombe."

Yakaishia hapo. Dobi alimjua mama mkwe wake, akisema hapana ni hapana. Kwa hiyo kila Jumamosi alipanda kwenye kile kiwanja akijua kwamba ndoo ikimpa mlango wowote isipokuwa ule mmoja, atapata nyumba na kumpoteza mtu. Hakumwambia yeyote. Kazi akaifanya kwa hasira. Alisukuma toroli kama mtu anayemsukuma adui.

Timu yake ilipofika kwenye ngazi, wenzake walisitasita. Mlinzi alijikuna kichwa, akasema, "Dobi, hivi hapa mlangoni, tungefikiria namna nyingine, au vipi?"

"Namna gani? Mchoro unasema nini?"

"Ngazi."

"Basi ngazi." Dobi alijua fika Mlinzi alikotaka kufika, na hakutaka afike. Leo akikubali, kesho watasema Dobi alijenga kwa faida yake. Kwa hiyo alizijenga mwenyewe zile ngazi, akazinyoosha, akazilainisha mpaka zikawa nzuri kuliko zote mtaani, na kila alipopitisha mwiko moyo ulimchoma. Kiburi ni ugonjwa, wala si mimi niliyesema, lakini mgonjwa mwenyewe huwa anatembea wima.

Sasa, ikaja Jumamosi moja karibu na mwisho. Kuta zote zimesimama, mabati yamepandishwa, zimebaki kazi za lipu ya nje. Timazi akaingia stoo kutoa saruji ya siku hiyo, akatoka mikono mitupu. Uso ulikuwa wa rangi ya saruji yenyewe.

"Njooni wote," alisema. Walipokusanyika, alizungumza taratibu, na wanaomjua walijua hiyo ndiyo hatari. "Saruji imeibwa. Si mfuko mmoja, si miwili. Tuliyoiweka kwa ajili ya lipu ya kuta za nyuma imekwisha. Mlango haujavunjwa, kufuli halijaguswa. Maana yake mwizi tunakula naye."

Watu wakaanza kutazama viatu vyao. Kinyozi, ambaye kwa kawaida hanyamazi hata akiwa na wembe shingoni mwa mtu, alimeza mate. Mama Mitumba akakohoa. Mshona Viatu akagundua ghafla kwamba kamba ya kiatu chake imelegea.

Aliyepandisha mori alikuwa Dobi. Miezi yote ile ya kunyamaza ilimtoka mara moja. "Mnaiba saruji ya watu maskini wenzenu? Watu wanaoishi vyumba vinavyovuja? Mimi namtaka mwizi huyo. Nitamfua, nitamkamua, nitamwanika. Fundi, twende tukague nyumba moja moja. Lazima kuna mahali imekwenda."

"Dobi, tulia," Kinyozi alisema.

"Nitulie nini? Au ni wewe?"

Timazi akatangulia, Dobi nyuma yake, na kundi zima likawafuata polepole, kama watu wanaokwenda kusomewa hukumu.

Walianzia nyumba aliyosimamia Kinyozi. Mbele ya mlango palikuwa pametandazwa magunia yaliyoloweshwa, kama inavyofanywa zege likiwa changa lisije likapasuka. Kwa wiki mbili Dobi alikuwa amepita pale akiona magunia, akidhani chini yake kuna ngazi. Timazi akainama, akashika pembe ya gunia, akavuta.

Hapakuwa na ngazi. Palikuwa na mteremko wa zege, kutoka chini mpaka kizingitini. Ulikuwa mkali kama paa, na katikati umebonyea, lakini mteremko ni mteremko.

Timazi alimtazama Kinyozi. Kinyozi akajitetea haraka haraka. "Fundi, najua mchoro. Lakini nilifikiria, ndoo haina macho. Kama ufunguo huu ukiangukia kwa Dobi, na Bi Mkubwa akashindwa kuingia kwa sababu yangu mimi, nitamnyoa mtu tena kwa uso gani? Nikachukua mifuko michache. Nilijua ni mimi peke yangu. Ningeirudisha."

"Wewe peke yako?" Mama Mitumba alishtuka. Alimwangalia Kinyozi, akaangalia nyumba yake, akashika kichwa kwa mikono miwili.

Basi wakaenda kwa Mama Mitumba, wakavuta gunia: mteremko. Huo alikuwa ameujenga mwembamba, akidhani kiti kina upana wa kiti cha kawaida. Wakaenda kwa Mshona Viatu: mteremko, tena wenye kona, kwa kuwa nafasi haikumtosha. Siku za nyuma alikuwa amemuuliza Dobi upana wa kile kiti, naye Dobi akamjibu kwa ukali kwamba kiti ni kizima, hakihitaji kushonwa. Wakaenda nyumba inayofuata, na inayofuata. Kila timu iliiba kwa siri, kila timu ilidhani ni yenyewe tu, na kila timu iliiba kwa ajili ya mtu yule yule. Hakuna aliyemwambia mwenzake, maana waliogopa kuonekana wanavunja utaratibu wa ndoo. Wezi wazima wazima, wenye nyumba na watoto.

Hatimaye walifika kwenye nyumba aliyoisimamia Dobi. Pale hapakuwa na gunia. Ngazi zake nne zilikuwa wazi, zimenyooka, zinang'aa.

Timazi alizitazama kwa muda. "Kazi safi," alisema. Kisha akageuka. "Dobi, nyumba zote hizi zinamngojea mama mkwe wako. Isipokuwa yako."

Dobi akaketi juu ya ngazi zile zile, akajifunika uso kwa kanga, akalia. Hakulia kwa heshima, alilia kwa sauti, mabega yakitikisika, mwanamke ambaye msibani alikuwa ndiye anayewabembeleza wengine. Mama Mitumba akaja akaketi karibu yake. Mlinzi alisema alijaribu kumwambia. Wakamwambia anyamaze.

Dada wa Shirika, aliyekuwa ameandamana nao na michoro yake kwapani, aliufunua mmoja, akaufunga tena. "Ofisini nitaeleza mimi," alisema. "Lakini saruji ya kuta za nyuma hatutaletewa nyingine. Miteremko au lipu, mtachagua wenyewe."

Hawakuchukua muda. Kuta za nyuma zibaki bila lipu, matofali yaonekane. Hata leo ukipita upande wa machimbo utaziona vile vile, na mwenye kuzicheka na azicheke.

"Sawa," alisema Timazi, "lakini nani aliwafundisha kujenga? Hii miteremko ni mitego. Mwanamke wa watu atashuka hapa kama jiwe. Vipimo ninavyo, nitaisahihisha yote. Ila nahitaji mtu wa kuijaribu, mwenye kiti. Dobi, futa machozi, ukamwite."

Hapo ndipo Dobi alipoogopa kweli. Alirudi nyumbani akijua atakachoambiwa. Alieleza yote, saruji, magunia, machozi. Bi Mkubwa alisikiliza akitazama ukuta.

"Nani aliwaomba?" aliuliza.

"Hakuna, mama. Wallahi sikufungua mdomo. Mimi peke yangu ndiye niliyejenga ngazi."

"Ulijenga ngazi?" Bi Mkubwa aligeuza kiti chake kizima kumtazama. "Wewe? Kwa mikono yako?"

"Ulisema nisiombe."

"Nilisema usiombe, sikusema uwe mjinga." Lakini midomo ilikuwa inamcheza. "Na huyo Timazi anataka nini kwangu? Nikawashukuru? Nikatoe machozi kama wewe?"

"Anataka ufanye kazi. Anasema iliyopo ni mitego, na hakuna anayejua ubaya wake isipokuwa anayekaa kwenye kiti."

Tangu gari lile la mizigo hakuna mtu aliyemwambia Bi Mkubwa kwamba anamhitaji kazini. Watu walimletea vitu. Walimletea matunda, pole na maombi. "Kazi, siyo huruma," alisema hatimaye.

"Kazi, mama."

"Basi waite vijana wa gereji. Na uwaambie ni mpaka nihame tu, wasije wakanizoea."

Akapanda kwenye kiwanja kile mchana, jua likiwa kali, na jambo la kwanza alilosema baada ya salamu ni kwamba kila mtu hapo amevaa kofia ngumu isipokuwa yeye, je, yeye kichwa chake cha bati? Timazi akavua yake akamvalisha. Kuanzia hapo hakuna aliyepumzika. Jumamosi baada ya Jumamosi Bi Mkubwa alikuwa mkaguzi wa miteremko. Timazi anapima, anapunguza ukali, anarefusha. Bi Mkubwa anapanda kwa mikono yake mwenyewe, anashuka, anatoa hukumu. Ule wa Kinyozi aliuita mashine ya kuulia wakwe. Ule wa Mama Mitumba alikwama katikati, akawaambia wamletee chakula, atahamia hapo hapo. Kwenye kona ya Mshona Viatu aligeuka mara moja tu, akamwambia wewe umenishona vizuri, ila ongeza ukingo. Walicheka mpaka wakaacha koleo chini. Aliwafanyisha kazi bila huruma, na sura yake ikarudi, ile sura ya gengeni.

Zile ngazi nne nzuri alizivunja Dobi mwenyewe kwa nyundo kubwa. Timazi alitaka kumsaidia akakataa. Alipiga mpaka kokoto zikaruka, na hakusikitika hata kidogo.

Siku ya funguo, ndoo ikazungushwa. Dobi alitumbukiza mkono, akatoa ufunguo wa nyumba ya katikati, wala si ya juu wala si ya chini. Zamani angezimia. Sasa aliushika tu, akampelekea mama mkwe wake, akauweka kiganjani mwake.

Watu waliacha nyumba zao wenyewe wakaja kusimama pale. Sijui walitaka nini, nadhani walitaka kuona. Mtu mmoja akashika nyuma ya kiti kumsukuma, kwa mazoea. Bi Mkubwa akampiga kofi dogo mkononi bila hata kumtazama, akaanza kupanda. Polepole, mikono yake ikisukuma magurudumu, pumzi ikisikika. Dobi alitembea kando yake mpaka nusu, kisha akajizuia, akabaki pale pale, mikono nyuma, maana mikono hiyo ilikuwa ikitaka kusaidia na hakuiamini.

Bi Mkubwa alifika juu. Akafungua mlango. Akaingia. Halafu, mbele ya kundi zima, mbele ya Timazi na Dada wa Shirika na mkwewe mwenyewe, akaufunga.

Wakabaki wakitazama mlango. Kinyozi alitaka kucheka, akakanyagwa mguu. Ndani walisikia magurudumu yakienda chumba cha kwanza, yakasimama. Yakaenda cha pili. Dirisha likafunguliwa. Bomba likafunguliwa, maji yakatiririka kidogo, likafungwa. Magurudumu yakaenda jikoni, yakarudi, yakaenda tena jikoni, yakakaa huko kwa muda. Dobi alisimama mlangoni kama mgeni, na katika maisha yake yote, si siku ya harusi wala siku aliyojifungua, hakuwahi kujisikia mtu mkubwa kama alivyojisikia akifungiwa nje ya nyumba yake mwenyewe.

Kisha mlango ukafunguliwa. Macho ya Bi Mkubwa yalikuwa mekundu na uso wake umeinuliwa juu.

"Karibu, mwanangu," alisema. "Vua viatu, nimeshatazama sakafu, ni safi."